Sanda ya Mkono

Makole,
Dodoma.
25 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Asma,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipata na leo ndipo naijibu kwa utulivu: marahaba, mdogo wangu, marahaba sana. U hali gani? Shemeji Abdulnasiri hajambo? Na wanangu je? Nasikia baridi ya Songea mwezi huu inaingia hadi kwenye mifupa. Wavalishe masweta, usisubiri wakohoe kwanza. Sisi huku hatujambo. Upepo wa Dodoma umeshaanza ujeuri wake, vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, lakini tumeuzoea nao umetuzoea.

Najua umeshangaa kupata barua. Siku hizi nani anaandika barua? Lakini wewe mwenyewe ulisema huamini mpaka uone. Nikakutumia picha, ukasema ni ya zamani. Nikakupigia, ukasema najikaza ili nisikutie simanzi. Basi nimekuletea ushahidi wa tatu. Tazama mwandiko huu. Herufi zinayumba kidogo, mistari inapanda na kushuka, lakini kila neno limeandikwa na mkono wangu wa kulia, uleule ulioutangazia msiba Songea nzima.

Sikugombezi. Nakugombeza kidogo tu, kisha nitaacha. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana yaliyokufikia yalifika yakiwa vipande vipande.

Mkono ulianza visa mwaka jana. Unajua nimeshika mkasi wa kupogolea tangu Shaban, Mungu amrehemu, alipotununulia lile shamba dogo la mizabibu kule Makutupora. Tangu alipofariki napogoa mwenyewe, mstari kwa mstari. Kazi yenyewe ni kubana na kuachia, kubana na kuachia, tangu jua halijachomoza hadi linapoanza kuchoma shingo. Kwanza vidole vikawa vinakufa ganzi. Naamka asubuhi mkono upo, lakini kama wa mtu mwingine. Vikombe viwili vya chai vikanidondoka mbele ya wageni. Halafu kidole cha kati kikaanza kukwama. Nikikikunja hakikunjuki mpaka nikivute kwa mkono wa kushoto, nacho kinaitikia "tak!" kama kufuli bovu.

Nilichuliwa kwa mafuta ya kila rangi. Nilivaa bangili ya shaba niliyoambiwa inavuta maumivu, ikavuta wivu wa majirani tu. Mwisho nikaenda hospitali.

Daktari Ulimboka, kijana mpole anayeongea kwa sauti ya chini, aliniambia kuna mshipa wa fahamu umebanwa pale kwenye kifundo cha mkono, na kano ya kidole imekwama kwenye njia yake. Atapasua sehemu mbili ndogo, afungue njia, anishone, nirudi nyumbani siku hiyohiyo. Tena hakuna nusukaputi. Atatia ganzi mkono peke yake na mimi niwe macho, kwa sababu atataka nikunje na kukunjua vidole ili aone kama njia imefunguka. Nikamwambia, "Daktari, nimekuja uniondolee ganzi, nawe unataka kuniongezea?" Akacheka hadi akavua miwani.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili mwaka huu nikakuandikia ujumbe. Hapa ninakiri kosa langu kabla sijafika kwenye lako. Vidole havikutaka maneno marefu siku ile. Badala ya kuandika kwamba napasuliwa kiganja, nikaandika: "Jumanne nakatwa mkono. Niombee dua." Nikaiacha simu kwenye chaji nikaenda zangu kupika.

Nakatwa mkono! Nikiusoma sasa hata mimi nashtuka. Lakini Asma, badala ya kuniuliza nakatwaje, ukaangua kilio, kisha ukampigia kaka Hashimu kule Kondoa. Hadi jioni, huko habari imeshavaa kanzu na kofia inatembea yenyewe. Wengine wakanihurumia. Wengine wakauliza, "Kwani kaiba nini?" Waliouliza hivyo nimeshapewa majina yao. Nikienda huko Idi nitawapa mkono mmoja mmoja, na nitaubana vizuri wausikie.

Kaka naye hakuniuliza. Unamjua, jambo zito halitamki kwenye simu. Alinipigia akasema maneno manne tu: "Nakuja. Usitangulie peke yako."

Nikadhani anakuja kwa ule ugomvi wetu wa siku zote. Tangu nifiwe, kaka anataka niyaache mashamba nirudi Kondoa nikae uani kwake, nilelewe kama mtoto. Anasema zabibu za huku zinaishia kwenye mvinyo, na mkono unaozihudumia hauna baraka. Mimi namjibu kwamba zabibu zimetajwa ndani ya Qur'ani miongoni mwa neema, na kwamba mimi napogoa mti na kuuza tunda. Za kwangu wanachukua akina mama wa ndoo, wanauza barabarani, watu wanakula mbichi. Kama kuna mnunuzi anakwenda kufanya yake, ataulizwa yeye, mimi nitaulizwa ya kwangu. Maneno hayo tumerushiana miaka sita.

Jumanne asubuhi nikamkuta kwenye benchi la hospitali, kafika na basi la alfajiri. Kanzu imenyooka, na kifuani kakumbatia mfuko wa kitambaa. Nikamwamkia. Akaitikia huku akiutazama mkono wangu kama mtu anayeaga msafiri.

"Wanakulaza usingizi?" akauliza.

"Hapana, kaka. Niko macho."

"Macho? Kwa hiyo utauona ukitoka?"

Mimi nikadhani anasema uchafu uliobana mshipa. Nikamwambia, "Nikitaka nitauona."

Akafumba macho. "La haula! Mwanaidi, waambie wakulaze. Mwanamke hatazami jambo kama hilo." Kisha akashusha sauti. "Nilikwambia mapema. Mkono umehudumia mvinyo, Mungu anachukua chake."

Asma, damu ilinipanda. Nikamwambia Mungu akitaka chake atachukua chote siku yake, lakini mkono huu bado nina kazi nao. Akaniuliza kwa upole, baada ya hapo nitapogolea nini? Nikasema nitapogolea huuhuu. Nikamwekea ahadi palepale, mbele ya wagonjwa wa watu: mwezi wa tano, msimu wa kupogoa, ukifika nikashindwa kubana mkasi, nitafunga godoro langu kwa hiari yangu nikakae uani kwake. Nikiweza, neno la kurudi Kondoa asinitajie tena maisha yake yote. Akanitazama kwa huruma, akakubali upesi sana. Sasa ndiyo naelewa kwa nini alikubali upesi.

Akaja nesi, binti mmoja anaitwa Batuli, na fomu ya kuridhia. Kaka akaidaka kalamu. Batuli akaichukua mkononi mwake taratibu, akasema, "Mzee, mgonjwa ana akili zake timamu. Anasaini mwenyewe." Kalamu ilinidondoka mara mbili. Kaka akaiokota mara mbili. Mara ya tatu nikasaini, na jina nililiandika lote mpaka la babu, ingawa nafasi ilikuwa finyu.

Kisha nikamsikia kaka akimnong'oneza nesi, "Binti yangu, mkimaliza, tutakabidhiwa sisi wenyewe?"

"Ndiyo, mzee. Leo leo."

"Mtakuwa mmefunga vizuri?"

"Tutafunga vizuri kabisa, hata damu haitaonekana."

"Mungu awabariki. Maana mimi nimekuja na kitambaa changu."

Batuli alidhani mzee kaniletea khanga ya kujifunika. Akamsifu kwa upendo wake.

Sasa, mdogo wangu, hapa usifumbe macho, maana mimi sikufumba. Sindano ya ganzi iliuma, nisikudanganye. Iliingia kiganjani, ikaungua kama pilipili, nikamtaja marehemu mama. Baadaye mkono ukawa mzito, kisha ukawa haupo. Wakaweka pazia la kijani kati ya uso wangu na kiganja. Nikalitazama lile pazia, Asma, nikakumbuka mengi. Mama alipokuwa anakata roho, mimi nilitolewa chumbani. Siku ya kumzika Shaban niliambiwa niketi ndani, nisitazame anavyotoka. Maisha yangu yote watu wenye huruma wamekuwa wananiziba macho. Nikasema, "Daktari, teremsha hilo pazia. Mkono ni wangu."

Akasita. Akaniuliza kama nikiona damu nazirai. Nikamwambia nimechinja mbuzi wengi kuliko yeye. Hapo nilidanganya, mbuzi anachinja Hashimu, mimi nashika bakuli. Lakini pazia likateremshwa.

Nikaona. Damu haikuwa nyingi kama nilivyoogopa. Ndani kulikuwa na kano nyeupe, inang'aa, nene kama mzizi uliomenywa. Daktari akasema, "Mama, kunja kidole." Nikakunja, nikaiona inakwenda, inagonga, inakwama. Ndiyo ile "tak" yangu ya mwaka mzima, leo naitazama usoni. Akagusa kidogo kwa kisu chake. "Kunja tena." Nikakunja. Kano ikapita kimya. "Kunjua." Ikarudi kimya. Nikamwuliza, "Naweza kurudia?" Akasema nirudie. Nilirudia mara saba bila kuombwa, mpaka Batuli akasema, "Mama, basi, muache daktari ashone." Nilikuwa nalia, Asma, lakini si kwa maumivu. Nilikuwa nafurahi kwamba hakuna mtu atakayekuja kunisimulia mkono wangu. Nimeuona mwenyewe.

Wakanishona, wakafunga bandeji, nikatoka kwa miguu yangu. Batuli akanishika bega, akasema kwa heshima zote, "Mzee, haya, tunakukabidhi."

Kaka alikuwa amesimama, mfuko umefunguliwa, mikono miwili ameinyoosha mbele kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Juu ya mikono yake kuna kitambaa cheupe. Akanitazama. Akautazama mkono. Akamtazama Batuli. "Na mkono?"

"Mkono gani, mzee? Huu hapa."

Akasogea. Akagusa ncha za vidole vilivyochungulia kwenye bandeji, kimoja kimoja, midomo inahesabu bila sauti. Tano. Akarudia kuhesabu. Ndipo nikaelewa alichoshika. Ilikuwa sanda, Asma. Mita moja na nusu ya sanda, pamoja na pamba na kichupa cha marashi. Kiungo cha Mwislamu hakitupwi, huzikwa kwa heshima, naye alikuwa ameshazungumza na watu wa makaburini wamchimbie kishimo. Alikuja kuuzika mkono wangu!

Nilicheka hadi Batuli akanikalisha chini. Kisha nikakasirika, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Kwa nini hakuniuliza? Kwa nini kila mtu ananizika kabla sijafa? Kisha nikaona machozi yanashuka kwenye ndevu zake, na hasira ikaniishia njiani.  Tangu Jumamosi hakuwa amekula kitu cha maana. Angekuwa hanipendi, Asma, asingekuja na marashi.

Lakini sikumwachia hivihivi. Nilimwambia anifungie mkono shingoni kwa kitambaa kilekile, maana daktari ameagiza uning'inizwe juu. Akasema sanda haifungwi mtu hai. Nikamwambia ni kitambaa cha dukani mpaka kimpate maiti, na hapa maiti hakuna, labda ajitolee yeye. Batuli ndiye aliyekifunga, huku anauma midomo asicheke. Nikapita Makole yote, nyumba hadi nyumba, mkono umelala ndani ya sanda yake, nasalimia kila aliyechungulia. Sijawahi kutembea nimenyooka vile.

Kaka alikaa kwangu siku tatu. Mkono wa kulia umefungwa, na mimi kula kwa kushoto siwezi, nawe unajua. Basi yuleyule aliyekuja kuuzika akaketi mkekani, akawa ananikatia tonge la ugali, anachovya kwenye mlenda, ananilisha. Mlenda unavutika, unamdondokea kwenye kanzu nyeupe, anafuta, analaumu bamia, anaendelea. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Kaka hakuubusu, lakini alishika nafasi yake akanilisha mwenyewe. Usimwambie nimekuandikia haya.

Alipoondoka alinikumbusha jambo moja tu: mwezi wa tano.

Nisikufiche, niliogopa. Nyuzi zilitolewa, ganzi ikaondoka, kidole kikawa huru, lakini nguvu hazikurudi mara moja. Mavuno ya Machi walinivunia wenzangu, mimi nimesimama kando kama mgeni. Batuli aliniambia niwe nabonyeza kitu laini kila siku. Ramadhani nayo ikaingia mwezi huohuo, nikajipa kazi ya kukanda chapati za futari za nyumba tatu. Nimewalisha watu chapati nyingine ngumu kama ndala, wamekula kwa ajili ya Mungu. Lakini mwezi wa nne nilipojaribu mkasi, ulidondoka mchangani. Nikauokota, ukadondoka tena. Jirani yangu wa shambani, mzee Gerson, akajifanya haoni. Niliinama nyuma ya mizabibu nikalia kwa kwikwi. Nililiona godoro langu limefungwa kamba juu ya basi la Kondoa. Nikajiona nimekaa uani kwa watu, naulizwa kila asubuhi kama nimekunywa uji.

Nikajipangusa. Kesho yake nikarudi. Nikabana tawi jembamba kama kijiti cha kiberiti. Likakatika. Siku hiyo nilikata moja tu, nikaenda nalo nyumbani. Kesho yake matatu. Sikumwambia mtu, hata wewe. Ndiyo sababu nilikuwa sipokei simu zako mapema.

Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe kumi na saba, kaka akaja. Hakufikia Makole. Alikuja moja kwa moja Makutupora, na kamba ya kufungia godoro mfukoni, niliiona imechungulia.  Niliingia mstari wa kwanza, nikaanza. Kubana na kuachia. Yeye ananifuata nyuma, mikono mgongoni, kama msimamizi wa mtihani. Mstari wa kwanza nikaumaliza. Wa pili nikaumaliza, japo taratibu, na kiganja kinawaka. Wa tatu nilipumzika mara mbili, lakini nao niliumaliza.

Kisha nikaitoa ile sanda kwenye kikapu. Nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi. Nikaikata palepale mbele yake kwa mkasi wa kupogolea, vipande vyembamba vyembamba, kwa mkono uliokuwa uzikwe ndani yake. Nikaanza kufungia matawi kwenye waya. Kaka akafungua mdomo, nikangoja aniambie haramu. Tawi moja likawa linanitoroka, maana kufunga fundo vidole bado vinachelewa.

Akatoa mikono mgongoni. Akalishika lile tawi la mzabibu, akalikandamiza kwenye waya.

"Kaza," akasema. "Hivyo litalegea."

Nikakaza. Tukafunga mpaka sanda ikaisha. Kamba ya godoro aliniachia, akasema itanifaa kwa mzigo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usimwambie mtu tena kwamba dada yako ni wa kuhurumiwa. Makole siondoki na Makutupora siachi. Atakayesema mkono huu umelaaniwa, aje auone unavyofanya kazi. Na siku nyingine ukisikia nimekufa, nipigie kwanza mimi mwenyewe uniulize.

Barua hii anakuletea Abbasi, mtoto wa marehemu mjomba, anakuja huko na lori la vitunguu. Mpe chai ya moto na umpakulie vizuri, ni mlaji. Nimempa na kikapu cha zabibu kavu za wanangu. Nisalimie shemeji Abdulnasiri, mwambie dua yake ilifika. Mwanao Waridi mwambie mama mkubwa amepokea mchoro wake, nimeubandika ukutani. Wifi yako mke wa kaka anakusalimu, na mzee Gerson pia, ingawa hakujui.

Mungu akulinde, akupe afya ya viungo vyote, kimoja kimoja, na akusamehe kilio ulicholia kabla ya wakati wake. Ndani ya bahasha utakuta kipande cheupe cha mwisho. Nimekifunga fundo moja. Jaribu kulifungua, Asma, uone kama aliyelifunga hana mkono.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mikono yote miwili,

Mwanaidi